Sura ya Tisa: Uzito wa Jumamosi

"Vidole," daktari alisema. "Vidole ndivyo vinavyonisumbua."

Lorna Kopecky alikuwa ameshafunga daftari lake. Akalifungua tena. Walikuwa wamesimama nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, Jumatatu saa mbili asubuhi, na nyuma ya kioo Efrén Barrientos, mpishi wa baa ya Rooster, miaka ishirini na minne, alikuwa amelala na mpira wa hewa mdomoni.

"Kichwa nimeshakueleza. Fuvu lina ufa, damu ilivuja, tumefungua, tumefunga, sasa tunangoja. Mbavu ni mateke. Uso ni ngumi. Lakini vidole hivi vinne vya mkono wa kulia vimevunjika kwa mstari mmoja, kama mtu kapiga rula. Ngumi haifanyi hivyo. Hata buti halifanyi hivyo."

"Sasa kitu gani kinafanya hivyo?"

"Mpelelezi ni wewe, Afande."

Aliandika: vidole vinne, mstari mmoja. Akapigia mstari chini.

Maribel, dada wa mgonjwa, alikuwa kwenye benchi mwisho wa ukumbi, bado amevaa aproni ya kazini, ile ile ya Jumamosi. Hakuinuka Lorna alipomfikia.

"Nimeshasema yote. Nilipeleka bia meza ya vijana wa mieleka. Yule nahodha wao, Jace Brandvold, akanishika kiuno, hakuniachia. Efrén akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia toka. Wakatoka huku wanacheka. Nusu saa baadaye kaka yangu akaenda kutupa takataka uchochoroni. Hakurudi."

"Waliokuwa na Jace?"

"Walivaa sweta zenye kofia, wameinamia simu. Sikuwaangalia, nilikuwa naangalia mkono ulionishika." Alimtazama Lorna kuanzia viatu hadi nywele. "Mlimshika mume wangu wa zamani siku nzima ya Jumapili kwa sababu tu aliwahi kugombana na Efrén. Huyo hamkumpigia mtu simu kwanza, mlimtia pingu. Hawa je? Mmeshampigia kocha wao?"

"Bado."

"Basi mtampigia. Mji mzima unajua namna mnavyofanya."

Ilikuwa kweli. Katika mji ule, kijana wa mieleka akivunja kitu au akimvunja mtu, polisi hawakuandika jina lake kwanza. Walimpigia Kocha Dale Haverkamp kwanza. Kocha alikuja na koti juu ya nguo za kulalia, akamshika kijana shingoni, akaondoka naye. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri kijana alikuwa akipanda na kushuka ngazi za uwanja mpaka anatapika, na jambo likaishia hapo. Miaka miwili iliyopita Lorna mwenyewe alimkuta Jace Brandvold ameketi kando ya teksi yenye kioo kilichovunjwa, na dereva mzee anafuta damu puani. Alipiga simu ile. Dereva alipata kioo kipya na tiketi za mieleka za msimu mzima. Jace alipata unahodha.

Ndani ya gari simu ililia. Mkuu wa kituo, Stan Wiebers.

"Mwendesha mashtaka anasema neno la dada wa mgonjwa peke yake halitoshi. Ile kamera ya duka la kufulia nguo je?"

"Vivuli vitatu vinaingia uchochoroni saa tatu kasorobo. Wawili wanaenda mbele kwenye mapipa. Wa tatu anabaki kwenye lango la chuma. Sura hazionekani. Hii ya watatu, Stan, iwe yangu na yako tu. Sijamwambia hata dada yake."

"Sawa." Wiebers akakohoa. "Lorna, mwanao anatia saini barua ya kujiunga na timu ya chuo ya Haverkamp Jumatano. Ufadhili kamili, miaka minne. Utaliweza hili?"

"Mwanangu hahusiki."

"Si alikuwa chuoni mwisho wa juma?"

"Alialikwa pamoja na vijana wengine wa sekondari, wageni wa timu. Jumamosi usiku walikuwa bwenini wanaangalia filamu. Ameniambia mwenyewe."

"Haya," alisema Wiebers, na akakata simu haraka kidogo kuliko kawaida yake.

*

Ukumbi wa mieleka ulikuwa chini ya ardhi, na joto lake lilimpokea mtu mlangoni kama pumzi ya mnyama. Nje theluji ilifika magotini. Mle ndani kuta zilitoka jasho. Kocha Haverkamp alikuwa peku, suruali kaikunja, anapiga deki mkeka mkubwa wa zambarau kwa dawa iliyochoma macho. Masikio yake yote mawili yalikuwa yamesagika zamani na kujikunja kama maandazi yaliyoungua.

"Viatu, Afande," alisema bila kugeuka. "Unaniletea choa kwenye mkeka."

Lorna akavua viatu.

"Huna mtu wa kukufanyia hiyo kazi?"

"Nikimwachia mtu, wiki ijayo nusu ya timu inajikuna. Mambo ya vijana wangu nayafanya kwa mkono wangu." Akasimamisha fagio la maji. "Yule mpishi anaendeleaje?"

"Bado hajaamka."

"Tunamwombea. Nimewaambia vijana wamwombee."

"Vizuri. Mimi nimekuja kuuliza vijana wenyewe walikuwa wapi Jumamosi usiku."

"Vijana gani? Ninao thelathini na wawili."

"Wowote waliotoka."

Kocha akacheka kidogo, cheko la puani. "Unavua samaki kwa kikapu, wewe. Ngoja."

Aliingia ofisini na kutoka upesi. Hakutafuta, alikuwa ameiweka tayari. Karatasi moja imebanwa kwenye ubao, imeandikwa kwa penseli. Lorna aliijua karatasi ya namna ile, kila nyumba yenye kijana wa mieleka inaijua: jina, uzito kabla ya mazoezi, uzito baada ya mazoezi, sahihi ya kocha.

"Jumamosi mashindano yaliisha saa kumi jioni," alisema Haverkamp. "Kuna waliocheza kama wamelala. Nikawarudisha hapa saa mbili usiku. Baiskeli, kamba, chumba cha mvuke, nguo za plastiki, jasho liwatoke. Saa tatu na nusu nikawapandisha kwenye mizani mmoja mmoja. Jace, huyu hapa. Kade Ruppert, huyu hapa. Mimi mwenyewe nimesimama pembeni."

Alishika ubao mwenyewe, hakumpa. Kidole gumba chake kililala chini ya jina la Kade, kimefunika kitu.

"Dada wa mpishi anasema Jace alikuwa baa saa mbili na robo. Alimshika kiuno."

"Binti amepatwa na msiba. Usiku, taa hafifu, vijana wote wamevaa sweta moja. Simlaumu."

"Umewahi kunidanganya, Dale?"

"Umewahi kuniuliza?" Akatabasamu. "Wewe ulikuwa unanipigia simu tu, nami nakuja. Tumelea pamoja vijana wa mji huu, mimi na wewe. Yule Jace wa teksi, ungemfunga siku ile, leo angekuwa wapi?"

"Leo dereva angekuwa amemsahau, na mpishi angekuwa jikoni."

Tabasamu likabaki mdomoni, machoni likaondoka.

"Hawa watoto wengine hawana baba, Lorna. Nikiwatupa mimi watakwenda wapi?"

"Na yule mwenye mpira mdomoni analelewa na nani?"

Kocha akakamua fagio. Maji ya dawa yalitiririka kwenye ndoo. Lorna akafungua daftari na kurudi kwenye kazi yake, taratibu, kama mtu anayejaza fomu.

"Baada ya mizani, saa tatu na nusu. Walikula nini?"

"Hawakula. Nikimkausha kijana sitaki aende kujaza tumbo usiku. Walinyonya vipande vya barafu, basi."

"Maji?"

"Barafu, nimekwambia."

"Kisha?"

"Kitandani. Niliwapeleka bwenini mwenyewe, saa nne taa zimezimwa. Nililala kwenye kochi la ukumbini kwao mpaka asubuhi. Hakuna aliyetoka hata kwenda kwenye mashine ya soda."

"Wote?"

"Wote."

"Wote wangapi, Kocha?"

Haverkamp akaondoa kidole gumba.

"Wote watatu, Mama Colby," alisema.

Mstari wa tatu ulikuwa umeandikwa kwa herufi zile zile za kocha, nene na za kulala upande. Kopecky, Colby. Kabla: ratili 162. Baada: 157.2.

Ndani ya ukuta bomba la mvuke liligonga mara mbili, likanyamaza.

"Mgeni haruhusiwi kufanya mazoezi na timu, najua," alisema Haverkamp, sauti sasa ya upole kabisa, sauti ya mtu anayeketi sebuleni kwa watu na kula pai yao. Mwezi uliopita alikuwa ameketi sebuleni kwa Lorna hasa, na kula pai yake. "Nimevunja kanuni. Chuo kitanikemea, pengine nitasimamishwa mechi mbili. Nitakubali. Kwa ajili ya mwanao niko tayari kukosa hata mechi kumi. Alikuja kuwatazama wenzake, akaomba naye atoke jasho. Ana moyo yule mtoto. Kwa hiyo alikuwa hapa, pamoja na Jace na Kade, kuanzia saa mbili mpaka alipolala. Nani atabisha? Ni mimi, na karatasi."

"Naichukua karatasi hii."

"Ichukue, nakala ninayo." Aliivuta kutoka kwenye ubao na kumpa kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga. "Ila kabla hujafika kituoni simamisha gari mahali. Fikiri. Karatasi hii ikichanika, inachanika mistari yote mitatu."

*

Alisimamisha gari, kweli. Si kwa sababu aliambiwa. Alitaka kuitazama kabla ya mtu mwingine yeyote.

Akaiweka karatasi juu ya daftari na kuisoma kama ilivyo, bila kutazama majina.

Jambo la kwanza. Kocha ana vijana thelathini na wawili. Siku ya mashindano kumi walicheza, na sita walishindwa. Matokeo yalikuwa gazetini. Jace alishinda. Mtu anayeadhibu waliocheza vibaya haanzi na aliyeshinda. Wala hawaiti watatu tu. Lorna hakumtajia idadi mtu yeyote ila Stan. Kocha alimletea kinga ya watu watatu, si wanne, si wawili, na lango la uchochoro lilipitisha watu watatu.

Jambo la pili. Namba zenyewe. Pambano lililofuata lilikuwa baada ya wiki mbili. Jumamosi mashindano yakiisha, kijana wa mieleka anakula. Anakula kama aliyetoka gerezani: sandwichi za nyama ya nguruwe kubwa kuliko uso wake, tambi, maziwa ya lita nzima. Mama anayemlea mmoja anajua, maana friji inaisha. Jumamosi usiku hakuna hata mmoja aliye na uzito wake wa ulingoni. Lakini hapa Jace alikuwa mia moja sabini na nne kamili, kikomo cha daraja lake la uzito. Kade, mia moja tisini na saba kamili, kikomo cha daraja lake. Haverkamp hakuandika walivyokuwa. Miaka ishirini na sita mkono wake umezoea kuandika vijana anavyotaka wawe.

Jambo la tatu lilikuwa nyumbani kwake, na aliendesha gari kwenda kulitazama akiwa tayari anajua atakuta nini.

Lilikuwa kwenye mlango wa friji, limeshikwa na sumaku yenye umbo la hindi. Karatasi ya msimu. Kila Jumapili asubuhi, tangu akiwa na miaka tisa, Colby alipanda mizani ya bafuni akiwa na bukta tu, akapiga kelele namba, na mama yake akiwa jikoni akaandika. Jumapili hii pia. Alikuwa amerudi saa mbili asubuhi, hakula, akapanda mizani. Hakupiga kelele. Alikuja na kuandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, akaenda kulala mpaka jioni.

168.4.

Mtu akilala uzito unapungua ratili moja au mbili, hata watoto wa darasa la nne wanaofanya mieleka wanajua. Kwa hiyo kijana aliyekuwa 157.2 saa tatu na nusu usiku, akanyonya barafu, akalala, alipaswa kuamka na mia moja hamsini na sita. Hizi zilikuwa ratili kumi na mbili za chakula kilicholiwa mahali fulani, mezani, kwa raha, Jumamosi jioni.

Na kwa nini mkono wa kushoto? Colby si wa kushoto.

Lorna akaketi, koti mwilini, akangoja shule itoke.

*

Mlango wa nyuma ulifunguka saa kumi na robo. Begi likaanguka. Colby aliingia jikoni, miaka kumi na saba, mabega tayari ya mtu mzima, juu yake sweta mpya ya zambarau yenye kofia. Zawadi ya wageni.

"Mbona umerudi mapema? Kuna chakula?"

"Kaa."

"Mama, nina njaa kweli, nakufa."

"Kaa, Colby. Jumamosi usiku saa tatu ulikuwa wapi?"

Hakukaa. Macho yalikwenda dirishani, yakarudi.

"Chumba cha mazoezi. Na Jace na Kade. Kocha alitukamua."

"Uliniambia bwenini, filamu."

"Sikutaka ujue. Si hairuhusiwi? Nisingetaka Kocha apate matatizo."

"Ulikuwa na ratili ngapi ulipomaliza?"

"Mia moja hamsini na saba pointi mbili."

Alijibu upesi, kama mtoto aliyeulizwa jedwali la hesabu. Na alipokwisha kujibu akaona mama yake haandiki. Anaangalia nyuma yake, mlango wa friji. Akageuka. Akaona mwandiko wake mwenyewe, umepinda.

Friji ikanguruma, ikatulia.

"Alikupigia simu lini?" Lorna aliuliza. "Kukufundisha hiyo namba."

"Mama."

"Nionyeshe mkono wa kulia."

Alikuwa ameuficha ndani ya mkono wa sweta. Aliutoa polepole. Kiganjani palikuwa na mstari wa damu iliyovilia, mwembamba, wa kukingama, kama wa mtu aliyevuta chuma chembamba kwa nguvu zake zote na hakutaka kukiachia.

"Sikumpiga," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa. "Naapa, Mama, sikumgusa hata kidogo. Jace alisema tunamtisha tu, wageni wote hufanya kitu, ndiyo kawaida. Mimi nilishika lango tu. Waliniambia shika lango, asitoke mtu. Akaja anakimbia, akashika nguzo ya lango, na mimi nika... Nilishika lango tu, Mama."

Vidole vinne. Mstari mmoja.

Lorna aliinuka haraka hata kiti kikaanguka.

"Nyamaza."

"Lakini mimi..."

"Nyamaza, Colby! Hapa anayekusikia ni polisi. Usiniambie neno jingine. Usimwambie Jace, usimwambie Kade, usimwambie huyo kocha wako. Neno linalofuata utamwambia wakili. Umenielewa?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Jumatano je? Barua?"

Simu juu ya meza ilikuwa imeanza kulia. Haverkamp. Jina liliangaza, likazima, likaangaza tena. Miaka kumi na moja kazini, na usiku wa shida jina hilo ndilo alilolitafuta kabla ya jina la mtu mwingine yeyote. Akaitazama ikilia mpaka ikachoka.

Kisha akapiga kituoni.

"Stan. Nitoe kwenye kesi ya Barrientos, sasa hivi. Tuma mpelelezi wa kaunti, asiwe wa kwetu." Sauti yake ilikuwa kavu, ya kusomea ripoti. "Karatasi ya Haverkamp ni ya kughushi na ninacho cha kulithibitisha hilo. Mtu wa tatu nimempata. Ndiyo. Hapa. Nyumbani kwangu." Akasikiliza. "Hapana, Stan. Hakuna kumwita kocha kwanza. Ulisema hivyo na mimi nikasema hivyo, mara nyingi mno. Tuma gari."

Aliweka simu. Kutoka kwenye mkoba wa kazi alitoa glavu na mfuko wa vielelezo. Akaondoa sumaku ya hindi. Karatasi ya msimu ilikuwa na namba za tangu Novemba, nyingi za mwandiko wake mwenyewe, moja tu ya mkono wa kushoto. Akaiingiza ndani ya mfuko ule, akafunga, akachukua kalamu.

Palikuwa na mistari ya kujaza. Tarehe. Saa. Kimepatikana wapi. Aliandika namba ya nyumba, na jina la mtaa, na neno jikoni.

Colby alikuwa bado amesimama pale pale, mkono wa kulia mbele yake, umefunguliwa, kama hajui auweke wapi.

"Utampigia Kocha, Mama?" aliuliza. "Yeye ataweza kulimaliza. Mpigie tu, atakuja."

"Najua atakuja," alisema Lorna, akatia sahihi kwenye mfuko.